SOMO: UBAO WA HESABU UNACHOTA NAMBA WAPI?

Wanamemba, koperative nyingine sasa iko na ubao wa hesabu kwenye kompyuta, wa kufuata kilo za kahawa zinazoingia depo. Ubao huo hauzai namba. Unazichota tu, sawa vile tunachota maji kwa chemchemi. Ukichota pabaya, malipo yetu nayo yanaharibika.

Kwa programu ya Grafana, chemchemi hizo zinaweza kuandikwa ndani ya faili. Kwenye Linux, tunaiweka ndani ya folda /etc/grafana/provisioning/datasources. Tufanye hivi:

1. Tuandike mistari mitatu ya lazima: name ni jina la chemchemi, type ni aina yake, access ni njia ya kuifikia; url nayo ni anwani yake.

2. Tusogeze mistari kwa nafasi tupu, si kwa kitufe cha Tab. Tab inaharibu faili.

3. Tuzime Grafana, tuiwashe tena. Inasoma faili wakati inaanza.

4. Tulinganishe kilo za siku moja: za ubao na za daftari la mizani.

Chemchemi ya namna hii, kwa kawaida mtu haibadilishi kwenye skrini. Hiyo inatulinda. Lakini tuchunge nakala ya faili, na neno la siri lisijulikane na kila mtu. Namba zikipishana, tusilipe mbele ya kujua sababu.