Senene Ni Halali, na Kibanja cha Binti Je?

Kwetu Bilele, Bukoba, Uislamu na Uhaya vinakula sahani moja. Novemba senene wakianguka, tunakaanga na kutafuna bila kuuliza fatwa: hadithi zimehalalisha nzige, na kwetu senene wanahesabiwa humohumo. Mgeni akiingia, ni "Asalaam aleikum", kisha analetewa kahawa ya kutafuna kama enzi za mababu. Rubisi tu ndiyo imebaki nje ya mlango, walau ule wa mbele.

Wanazuoni wana kanuni kwamba ada ina nguvu ya hukumu, mradi isipingane na maandiko. Sasa inapopingana je?

Chukua kibanja, shamba la migomba la ukoo. Sura ya An-Nisaa, aya ya 11, inampa binti nusu ya fungu la kaka yake, na likishakuwa lake anaweza kuliuza. Lakini sheria za mila zilizotangazwa mwaka 1963 zinamruhusu mwanamke kutumia tu shamba la ukoo, asiliuze. Holaria Pastory, mama wa Kihaya, aliuza shamba alilorithi kwa wosia wa baba yake, ndugu wakapinga. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, aliukataa ubaguzi huo kwa kutumia Katiba.

Kesi hiyo niliisikia darasani. Likizo nikamuuliza shangazi yangu alirithi nini babu alipofariki.

"Nilionyeshwa pa kukata ndizi za kula, mwanangu. Kibanja ni cha ukoo."

Waliogawa wote walikuwa wametoka kuswali. Yaani kwenye nyama walifuata dini, kwenye ardhi wakafuata mila.

Wenzetu wa Negeri Sembilan, Malaysia, ni Waislamu pia, na mila yao iitwayo adat perpatih hupitisha ardhi ya ukoo kwa wanawake. Basi tusiseme mila zote zinamnyima binti. Tuseme ukweli: kwetu sisi wanaume ndio tunaochagua lini tuwe Waislamu na lini tuwe Wahaya, na mara nyingi tunachagua panapotufaa.

Nasema "sisi" kwa sababu mimi ni mtoto wa kiume pekee, nina dada wawili, na kibanja cha baba kinaitwa changu tangu nikiwa mdogo. Baba yu hai. Nimeamua kulizungumza naye sasa, tusingoje matanga. Nawe ukienda likizo, uliza: kwenu kiligawanywa kwa lipi?