Vidonda vya Tumbo: Kabla Damu Haijavuja
Wagonjwa wengi hudhani vidonda vya tumbo huletwa na pilipili au mawazo. Hayo huweza kuzidisha maumivu, lakini visababishi vikuu ni bakteria aitwaye Helicobacter pylori, na dawa za maumivu kama diklofenaki na aspirini. Kidonda kitokanacho na dawa hizo huweza kuvuja damu bila kuuma kwanza. Mhudumu amuulize mgonjwa, hasa mzee, kuhusu vidonge vya mgongo au magoti anavyojinunulia dukani. Wengi hawavihesabu kuwa dawa. Choo cheusi kinachonata kama lami, kutapika damu, au maumivu makali ya ghafla humpasa mtu kwenda hospitali saa hiyohiyo. Vidonge vya madini ya chuma navyo hufanya choo kiwe cheusi, ingawa kwa kawaida hakinati. Penye shaka, mgonjwa achunguzwe, apimwe na wingi wa damu.