UMEME WA MTO MDOGO

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Ukimwuliza mwanafunzi ye yote wa shule yetu umeme wa maji ni kitu gani, atakujibu mara moja kwa kulitaja Bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji. Jibu hilo ni sahihi. Bwawa hilo lina mitambo 9, kila mmoja wa megawati 235, jumla yake megawati 2,115, na mtambo wa kwanza ulianza kutoa umeme mwaka 2024. Kabla yake nchi ilikuwa na Hale, megawati 21, tangu mwaka 1964. Nyumba ya Mungu, megawati 8, tangu 1968. Kisha Kidatu, Mtera na Kihansi. Lakini makala hii si juu ya mabwawa hayo. Nataka kueleza habari za mtambo mdogo, wa kilowati 20, au 300, au wa megawati chache tu, unaowekwa kwenye mto ambao pengine jina lake halimo katika ramani ya darasani, ukawapa umeme watu wa kijiji kimoja au vijiji kumi.

Sisi tukaao Msasani hatuna bahati hiyo. Bahari tunayo, lakini nchi ni tambarare, na mto Mlalakuwa ufikapo huku chini hauna mwanguko wa kutosha hata kuzungusha gurudumu la baiskeli. Umeme wetu huja kwa waya kutoka mbali, na waya ukikatika au mgao ukiingia, kama ulivyoingia mwishoni mwa mwaka 2023, sote twakaa gizani. Walakini shule ya bweni hukusanya watoto wa mikoa mingi. Wako wenzetu wanaotoka Njombe, Ruvuma, Iringa na Mbeya, kwenye milima na vijito visivyokauka. Kwa hao hasa naandika.

Basi tuanze na hesabu. Nguvu ya maji hutokana na vitu viwili: wingi wa maji yanayopita kila sekunde, na kimo yanachoanguka. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Zidisha lita za kila sekunde kwa 9.81, kisha zidisha kwa mita za mwanguko, nawe utapata wati. Tuseme mto unatoa lita 100 kwa sekunde, nao unaanguka mita 30. Mia moja mara 9.81 mara 30 ni wati 29,430. Lakini mashine haipati yote, maana mengine hupotea kwa msuguano ndani ya bomba, katika gurudumu na katika jenereta. Mtambo mdogo uliotengenezwa vizuri hutoa kama asilimia 65. Kwa hiyo tutabaki na wati 19,000 na kidogo, yaani kilowati 19.

Msomaji atauliza, nitajuaje mto wetu unatoa lita ngapi? Ikiwa ni kijito, elekeza maji yote yaingie katika pipa la lita 200 na uhesabu sekunde. Pipa likijaa kwa sekunde 4, basi ni lita 50 kwa sekunde. Ikiwa ni mto mkubwa kidogo, chagua mahali ulipo nyoofu, pima mita 10 ukingoni, tupa ganda la chungwa na utazame saa. Likienda mita hizo kwa sekunde 20, mwendo ni nusu mita kwa sekunde. Pima upana na kina. Tuseme upana ni mita 1 na kina robo mita. Zidisha pamoja na mwendo, utapata mita za ujazo 0.125. Tena punguza kama sehemu moja katika tano, kwa sababu maji ya chini na ya kando huenda polepole kuliko yale ya juu yanayochukua ganda. Zitabaki lita 100. Kimo nacho hupimwa kwa mpira mwembamba uliojazwa maji, ule ule ambao mafundi waashi hutumia kusawazisha msingi wa nyumba. Unashuka nao mlimani hatua kwa hatua ukijumlisha.

Jambo moja lisisahauliwe: pima mwezi wa Oktoba. Nyanda za Juu Kusini hupata mvua msimu mmoja, tangu Novemba au Desemba hata Aprili au Mei. Anayepima mto mwezi wa Machi atanunua mtambo mkubwa, na ikifika Oktoba atakuwa na mashine ya kutazamwa. Mtambo mdogo kwa kawaida hauna bwawa la kuweka akiba. Hutumia maji kadiri yanavyopita, na yakipungua umeme hupungua siku ile ile.

Sasa njia ya maji. Juu mtoni hujengwa banio la mawe na saruji ili sehemu ya maji iingie mferejini. Kazi hiyo si ngeni kwetu. Wachaga wa Kilimanjaro wamekuwa wakichimba mifongo tangu zamani na kuyapitisha maji kandokando ya mlima kwa maili nyingi, bila darubini ya mpima ardhi. Kutoka mferejini maji huingia katika tangi, yakatulia na kuacha mchanga chini. Tangi hilo laonekana kama kitu kidogo, lakini likikosekana mchanga huisaga mashine kama msasa. Kutoka tangini maji hushuka kwa bomba nene hadi kwenye gurudumu ambalo mafundi huliita turbini, nalo huizungusha jenereta.

Turbini ni za namna nyingi. Pale ambapo mwanguko ni mrefu na maji ni machache hutumiwa ile ya Pelton, iliyopewa hataza huko Marekani mwaka 1880. Ina vikombe pembeni, na maji huvipiga kwa mchirizi mmoja wenye kasi. Kwa mwanguko wa kadiri hutumiwa turbini ya mapanga marefu, ambayo maji huipita mara mbili, kuingia na kutoka. Hii ndiyo inayofaa sana kwetu, kwa kuwa fundi hodari wa kuchomelea aweza kuitengeneza kwa bamba la chuma. Hata pampu ya kawaida ya maji ikizungushwa kinyume yaweza kufanya kazi ya turbini.

Kuna tatizo ambalo lilinitia shaka nilipoanza kusoma habari hizi. Umeme wetu wapaswa kuwa na mizunguko 50 kwa sekunde. Usiku watu wakizima taa zao, mzigo wa jenereta hupungua, lakini maji yanazidi kusukuma kwa nguvu zile zile. Kwa hiyo mashine itakimbia na taa zilizobaki zitaungua. Mtambo mkubwa una kifaa cha kupunguza maji, lakini ni ghali. Katika mitambo midogo hutumiwa hila iliyo rahisi: kifaa cha elektroni hutazama mwendo, na umeme usiotakiwa hupelekwa katika waya za kuchemshia maji ndani ya tangi. Hivyo jenereta huona mzigo ule ule mchana na usiku. Mimi naiona kuwa hila nzuri kuliko zote katika kazi hii.

Waya nao wataka hesabu. Umeme wa volti 230 ukipelekwa mbali zaidi ya kilometa moja hivi hudhoofika sana, taa zikawa nyekundu. Wanafunzi wa Fizikia wanajua sababu: upotevu hufuata mraba wa mkondo. Ukizidisha volti mara kumi, mkondo hupungua mara kumi, na upotevu katika waya ule ule hupungua mara mia. Ndiyo maana huwekwa transfoma, na transfoma na nguzo mara nyingi hugharimu fedha nyingi kuliko turbini yenyewe.

Je, mambo haya yapo kweli au ni ya vitabuni tu? Yapo. Misheni nyingi za kusini mwa nchi zilijitengenezea umeme wa maji kabla waya wa taifa haujafika. Wilayani Ludewa uko mtambo wa Mawengi, wa kilowati 300, uliojengwa kwa msaada wa shirika la ACRA la Italia. Unaendeshwa na chama cha watumiaji kiitwacho LUMAMA, jina lililotokana na Lupande, Mawengi na Madunda. Masista Wabenediktini wa Chipole, mkoani Ruvuma, walifungua mtambo wa Tulila katika mto Ruvuma mwaka 2015, wenye megawati 5, wakawauzia TANESCO umeme wakati ambapo Songea ilikuwa bado ikitegemea mashine za dizeli. Na Mufindi kuna Mwenga, megawati 4, ulioanza mwaka 2012, ambao umeme wake huenda kwenye kiwanda cha chai, vijijini, na ziada huuzwa TANESCO. Wenyewe waliona kwamba kiangazi maji hupungua na upepo huzidi, wakaongeza mitambo ya upepo. Nje ya nchi yetu, huko Mutwanga mashariki ya Kongo, karibu na Hifadhi ya Virunga, mtambo wa kilowati 400 hivi ulianza mwaka 2013, na baada ya muda kikaja kiwanda cha sabuni kinachotumia mafuta ya mawese ya pale pale.

Kiwanda hicho cha sabuni kinanipeleka kwenye jambo ambalo naliona kuwa ndilo gumu kuliko turbini. Turudi kwenye kilowati zetu 19. Nyumba ya kijijini yenye taa tatu, redio, televisheni ndogo na simu za kuchaji hutumia kama wati 100. Basi twaweza kuwasha nyumba 190. Lakini birika moja la umeme hula wati 2,000, yaani sehemu ya nyumba 20! Watu wachache wakinunua mabirika na pasi, kijiji kizima kitaona giza saa mbili usiku, na ugomvi utaanza. Kwa hiyo hapana budi pawe na kamati yenye nguvu, au kifaa katika kila nyumba kinachokata umeme anayezidisha.

Zaidi ya hayo, kama watu wanatumia umeme jioni tu kwa saa 4, mtambo utauza yuniti 76 kwa siku. Kwa shilingi 100 kila yuniti ni shilingi 7,600, au 228,000 kwa mwezi. Kwa fedha hizo mlipe mlinzi wa banio, fundi, grisi na mikanda, tena mweke akiba ya jenereta mpya! Haiwezekani. Mchana maji yanapita bure. Sasa weka mashine ya kusaga, mashine ya kuranda mbao, na fundi wa kuchomelea, wote pamoja wakitumia wastani wa kilowati 10 kwa saa 8. Zinaongezeka yuniti 80, na mapato yanazidi mara mbili bila kuongeza hata tone moja la maji. Mtambo unaowasha taa peke yake hufa. Nadhani mradi wo wote ungepaswa kumtafuta mwenye mashine ya kusaga kabla ya kuagiza turbini.

Habari ya bei ina pande mbili. Mtumiaji mdogo wa TANESCO amekuwa akilipa shilingi 100 kwa yuniti, na mwanakijiji anayelipa zaidi huuliza, amekosa nini? Mwaka 2020 Serikali iliwaagiza wenye mitambo midogo binafsi watoze bei hiyo hiyo, nao wakalalamika kwamba gharama hazirudi. Wote wawili wana haki. Mama mwenye kibatari hana sababu ya kulipa zaidi ya mtu wa Msasani mwenye friji. Lakini mtambo usiolipa mafundi hautadumu. Tofauti hiyo lazima mtu ailipe, na kwa maoni yangu ni haki ilipwe na mfuko wa taifa, kama vile nguzo za Wakala wa Nishati Vijijini zinavyolipiwa na mfuko huo.

Mwingine atasema kwamba mambo haya yamepitwa na wakati, maana nguzo za Serikali zimekwisha kufika vijijini. Ni kweli kazi kubwa imefanyika. Tanzania Bara ina vijiji 12,318, lakini vitongoji ni zaidi ya 64,000, na nguzo iliyofika kwenye ofisi ya kijiji haijafika kitongoji kilicho ng'ambo ya bonde. Tena waya ukifika si lazima mtambo utupwe. Tangu mwaka 2008 zimekuwako kanuni zinazomruhusu mzalishaji mdogo, hadi megawati 10, kuwauzia TANESCO. Mwenga umefanya hivyo tangu mwanzo, na mtambo ulio mwisho wa waya mrefu huupa umeme nguvu pale unapodhoofika. Ila ni lazima vifaa vichaguliwe tangu siku ya kwanza vilingane na vya taifa. Mtambo wa nguzo za miti na nyaya za kuokoteza hauwezi kuunganishwa na kitu.

Kwa wasomaji wapendao hesabu natoa zoezi. Kijito kilichopimwa mwezi wa Oktoba kinatoa lita 45 kwa sekunde, na mwanguko wake ni mita 12. Ufanisi wa mtambo ni asilimia 60. Kitongoji kina nyumba 30, kila moja ikitaka wati 100 jioni, na mwenye mashine ya kusaga anataka kuweka mota ya nguvu za farasi 5 (nguvu moja ya farasi ni wati 746). Je, taa zote zitawaka pamoja? Mashine itasaga saa ngapi? Na kama haitoshi, ni afadhali kurefusha bomba lishuke mita ngapi zaidi? Majibu yapelekwe kwa mwalimu wa Fizikia.