Kunja, kunjuka, kunjamana: jinsi ngozi inavyozeeka

Utangulizi

Tukiombwa kueleza kwa Kiswahili kwa nini ngozi ya mzee ina makunyanzi, wengi wetu hujibu "ni uzee tu", kisha tunahamia Kifaransa. Makala haya yanatetea wazo moja: sehemu kubwa ya maelezo hayo imo tayari katika minyambuliko ya kitenzi kunja, na kuichanganya minyambuliko hiyo kunaweza kumdhuru mgonjwa. Tutaanza na muundo wa ngozi, tuje kwenye vitenzi, kisha tuone pale ambapo tofauti yao ina uzito.

1. Muundo wa ngozi

Ngozi ina matabaka matatu. La juu, epidermisi, ni jembamba. Seli zake huzaliwa chini, hupanda na kubanduka, safari ambayo kwa kijana huchukua takriban wiki 4. Linalofuata ni dermisi, tabaka nene lenye mishipa ya damu, neva na aina mbili za nyuzi. Nyuzi za kolajeni, ambazo ni karibu robo tatu ya uzito mkavu wa dermisi, huipa ngozi uimara. Nyuzi za elastini huirudisha mahali pake baada ya kuvutwa. Tabaka la tatu ni la mafuta, yanayokaa chini ya ngozi kama mto.

2. Yanayobadilika

Umri ukisonga, epidermisi hujifanya upya polepole zaidi. Mpaka wake na dermisi, ambao ujanani una vilima na mabonde yanayoshikana kama vidole vya mikono miwili, husawazika. Ndiyo maana ngozi ya mzee huchubuka upesi. Kolajeni hupungua kwa kadiri ya asilimia 1 kila mwaka wa utu uzima, na kwa wanawake hupungua haraka zaidi katika miaka ya kwanza baada ya hedhi kukoma. Elastini nyingi hutengenezwa mapema maishani. Ikiharibika, mwili hauijengi tena vizuri. Mafuta ya usoni nayo hupungua, mto ukanywea.

Jua huharakisha yote hayo. Miale yake ya aina ya UVA hupenya hadi dermisi na kuamsha vimeng'enya vinavyokata kolajeni. Melanini hupunguza madhara hayo, na kwa sababu hiyo ngozi nyeusi kwa kawaida huchelewa kupata makunyanzi. Anayejichubua anaipunguza kinga hiyo kwa hiari yake. Na krimu zenye kotikosteroidi, zikipakwa kwa muda mrefu, huikondesha dermisi yenyewe.

3. Vitenzi vitatu

Kunja ni tendo. Mtu akikasirika, misuli huvuta ngozi ya paji la uso: amekunja uso, na ndita zinaonekana.

Katika kunjuka, kiambishi -u- hutangua tendo la mzizi, kama katika funga na fungua. -K- huonyesha kwamba jambo linatokea lenyewe. Hasira ikiisha, uso wa kijana hukunjuka. Kwa upande wa ngozi, hiyo ni kazi ya elastini. Lugha imeipeleka maana hiyo hadi kwenye tabia: mtu mchangamfu tunasema ana uso mkunjufu.

Katika kunjamana, -am- huonyesha mkao unaodumu, kama katika inama na simama. -An- huonyesha hapa sehemu za kitu kimoja zikihusiana zenyewe kwa zenyewe. Ngozi ya usoni iliyokunjamana imekunjwa mara maelfu, huku nyuzi zake zikidhoofika, mpaka ikashindwa kukunjuka. Kwa hiyo kunyanzi ni mkunjo uliokosa wa kuukunjua.

4. Tofauti yenye uzito

Mtoto anayeharisha akifikishwa kituo cha afya, muuguzi hubana ngozi ya tumbo lake kwa vidole, kisha huiachia. Ikichukua zaidi ya sekunde 2 kurudi, hiyo ni mojawapo ya dalili za upungufu mkubwa wa maji mwilini. Ngozi hiyo haijakunjamana: inakunjuka polepole, na maji yakirudishwa mwilini itakunjuka kama kawaida.

Kwa mzee, kipimo hichohicho hupotosha. Ngozi yake inaweza kurudi polepole hata kama amekunywa maji ya kutosha, kwa kuwa elastini imechoka. Inafaa kutazama pia ulimi mkavu, mkojo mchache au kuchanganyikiwa.

Tuseme sasa mfasiri wa bango la afya anaandika kwamba mtoto aliyeishiwa maji "ana ngozi yenye makunyanzi". Mama atamtazama mwanawe usoni, hataona kunyanzi hata moja, na atasubiri hadi kesho. Sentensi haina kosa la sarufi, lakini inaweza kugharimu maisha.

Hitimisho

Tunapendekeza kwa wenzetu wanaofasiri maandishi ya afya: makunyanzi na kunjamana vibaki kwa ngozi iliyozeeka, kwa upungufu wa maji, iandikwe "ngozi ikibanwa inakunjuka polepole". Kolajeni na elastini tunaweza kuyakopa bila aibu, kwa kuwa ni majina ya vitu. Lakini mwenendo wa vitu hivyo unahitaji vitenzi, na hivyo tunavyo. Kabla ya kukopa kitenzi, tunyambue kwanza mizizi yetu.