SOMO LA KOMPYUTA: Kadi ya mtandao inapokataa kuunganisha



Somo la toleo hili linahusu kompyuta zinazotumia mfumo wa Linux, ulio wa jamii ya Unix. Kompyuta nyingi za msaada huwekewa mfumo huu kwa kuwa hauna ada ya leseni na hufanya kazi hata kwenye mashine za zamani. Lakini kuna shida moja inayosumbua: kompyuta inawaka vizuri, ila haiingii kwenye mtandao. Kamati inakaa, inapitisha fedha, kadi mpya inanunuliwa, na hali inabaki ile ile.

Tuchukue mfano wa ofisi ya parokia iliyoko Kitaya, karibu na Mto Ruvuma. Kumwita fundi kutoka Mtwara mjini ni nauli, chakula na posho, na huku taarifa ya robo mwaka inangoja kutumwa. Kwa hiyo katibu na aiulize kompyuta yenyewe kabla fedha haijatoka.

Aanze bila kugusa kibodi. Karibu na tundu la waya wa mtandao nyuma ya kompyuta kuna taa ndogo. Ikiwa haiwaki, abadilishe waya, kisha ajaribu tundu jingine kwenye ruta. Wenzetu wa Msimbati na maeneo mengine ya pwani watazame pia kama plagi imeingia kutu, maana hewa ya chumvi haina huruma na vyuma.

Taa ikiwaka na mtandao usipatikane, afungue dirisha la amri na kuandika `ip link`. Yatatokea majina. Jina `lo` si kadi; hapo kompyuta inajisemesha yenyewe tu. Kadi yenyewe huitwa mfano `enp3s0` au `eth0`. Yakionekana maneno NO-CARRIER, kadi haipati ishara kutoka kwenye waya, basi arudi kwenye waya. Ikiwa imeandikwa DOWN bila hayo maneno, kadi imezimwa tu, na huwashwa kwa `sudo ip link set enp3s0 up`. Kwa kadi isiyo na waya, `rfkill list` itaonyesha kama imefungwa kwa swichi ya pembeni mwa kompyuta.

Maneno haya ya Kiingereza yasiwatishe. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Amri za mtandao, hata hivyo, zimebaki kama zilivyo. Ziandikwe kwenye karatasi na kubandikwa ukutani.

Je, kadi isipoonekana kabisa? Aandike `lspci`, au `lsusb` kama kadi ni ya kuchomeka nje. Ikitajwa hapo, mashine inaiona, ila inakosa programu ya kuiendesha. Kadi nyingi zisizo na waya hudai pia programu ndogo ya kuingizwa ndani ya kadi, na `sudo dmesg` itataja neno firmware. Debian, mojawapo ya matoleo yanayotumika sana ya Linux, haikuweka programu hizo kwenye diski yake rasmi ya kusimika hadi toleo la 12, mwezi Juni 2023. Wafadhili wanaotuandalia kompyuta watumie toleo hilo au la baadaye.

Ikiwa `lspci` nayo haionyeshi kitu, zima, chomoa umeme, toa kadi, irudishe kwenye nafasi yake kwa kuibana vizuri. Ikikataa hata baada ya hapo, ndipo kamati ijadili kununua.

Na hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Mifumo ya zamani iliandika namba ya kadi ya kwanza katika faili `/etc/udev/rules.d/70-persistent-net.rules` na kuiita `eth0`. Ukiweka kadi mpya, inaitwa `eth1`, lakini mipangilio bado inaitafuta `eth0`. Kadi ni nzima, ila inaitwa kwa jina la marehemu! Tangu 2013 ulikuja utaratibu mwingine wa kuipa kadi jina kufuatana na mahali ilipochomekwa, ndiyo asili ya `enp3s0`. Linganisheni jina la `ip link` na lile lililo katika `/etc/network/interfaces`. Yakitofautiana, sahihisheni faili, kisha zimeni na kuwasha.

Jina likiwa sawa, `ip addr` itaonyesha kama kadi imepewa anwani. Isipokuwa na anwani ya namba nne zenye nukta kati yake, au ikiwa nayo inaanza na 169.254, ruta haijaigawia. Izimwe na kuwashwa. Kisha `ip route` itaonyesha anwani ya ruta baada ya neno default. Jaribu `ping` kwa anwani hiyo, halafu `ping 8.8.8.8`. Ruta ikijibu na ya pili isijibu, kadi haina kosa: angalieni bando na mnara. Zote zikijibu ila kurasa hazifunguki, kasoro iko kwenye kutafsiri majina, katika `/etc/resolv.conf`.

Fundi akilazimika kuitwa, asomewe majibu haya kwa simu kwanza, pamoja na aina ya kadi kama `lspci` ilivyoitaja, ili aje na kifaa kinachofaa.