Makaa ya barakoa yako yanazuia gesi gani?

HUENDA wewe msomaji hupuliza magari rangi gereji, au una ndugu anayezibua mitaro ya maji taka. Huenda pia umenunua barakoa yenye vikebe viwili mashavuni, na tangu siku hiyo unaamini kwamba mapafu yako yamo salama. Hilo hutegemea kilichowekwa ndani ya vikebe hivyo.

Kwanza tuiondoe ile barakoa ya kitambaa au ya karatasi ngumu. Hiyo ni ya vumbi. Mvuke wa thina hupita humo kama chai ipitavyo katika chujio. Nayo maziwa ambayo mafundi wengi hunywa baada ya kazi huenda tumboni, si mapafuni. Ni chakula kizuri, lakini sumu uliyokwisha kuivuta hayaitoi.

Kinachonasa gesi ni makaa. Si makaa ya jikoni, ingawa ni jamaa yake. Mengi hutengenezwa kwa vifuu vya nazi, vile ambavyo watu wa Pwani huvitumia kama kuni. Vifuu huchomwa mahali pasipo hewa, kisha makaa yake hupitishiwa mvuke wa maji wenye joto la nyuzi 800 hadi 1,000 hivi. Mvuke huo huyatoboa vitundu visivyohesabika, vidogo mno kuonekana kwa macho. Kuta za vitundu vilivyomo katika gramu moja tu, ambayo haijazi kijiko cha chai, zikitandazwa zinaweza kufikia mita mraba 1,000. Kwa hesabu hiyo, gramu saba zingefunika karibu uwanja mzima wa kandanda.

Mvuke wa petroli, thina na gundi hunata kwenye kuta hizo. Lakini amonia haishikiki vizuri, wala ile gesi ya mitaroni inayonuka kama mayai viza, haidrojeni salfaidi. Chembechembe zake ni nyepesi, zinagusa ukuta na kuondoka. Ndiyo maana wanakemia huyatia makaa dawa. Yakilowekwa asidi, huishika amonia na kuigeuza chumvi. Yakitiwa magadi makali, huzishika gesi za asidi. Yakitiwa salfa, huushika mvuke wa zebaki, sumu inayowapata wachimbaji wa dhahabu, kama wale wa Migori, wanapochoma donge la dhahabu na zebaki.

Ujuzi huu ulikuzwa sana na vita. Baada ya Wajerumani kufungulia gesi ya klorini mjini Ypres, Ubelgiji, Aprili 1915, majeshi yalianza kutafuta makaa ya kuwakinga askari. Wamarekani waliyatia shaba, na katika Vita Vikuu vya Pili wakaongeza fedha na kromiamu. Baadaye kromiamu ya aina hiyo ikatambuliwa kuwa huleta saratani, na zinki na molibdenamu zikachukua nafasi yake.

Basi utajuaje kikebe chako kina dawa gani? Tazama mshipi wa rangi na herufi. Katika vile vya kanuni za Ulaya, kahawia na herufi A ni kwa mvuke wa petroli na thina. Kijivu, B, ni kwa klorini na haidrojeni salfaidi. Manjano, E, ni kwa salfa dioksaidi, na kijani, K, ni kwa amonia. Nyeupe, P, ni vumbi tu. Hapa uwe mwangalifu, kwa maana Wamarekani wana mpangilio wao: kwao nyeupe ni gesi za asidi, na nyeusi ndiyo ya thina. Soma maandishi, usiiamini rangi peke yake.

Hata kikebe sahihi kina mipaka. Hakiongezi oksijeni, kwa hiyo hakifai ndani ya shimo la maji taka, ambamo hewa yenyewe inaweza kuwa imekwisha. Tena haidrojeni salfaidi ikizidi huua uwezo wa pua wa kunusa. Uvundo ukitoweka ghafla, huenda hatari ndiyo imeongezeka. Rangi za magari zinazochanganywa na dawa ya kuzigandisha nazo huwa na isosaineti, ambayo huleta pumu na haina harufu ya kukuonya makaa yakijaa. Kazi hiyo yahitaji barakoa inayoletewa hewa safi kwa mpira kutoka nje.

Na kaboni monoksaidi, gesi ya jiko la makaa lililoachwa ndani usiku, makaa ya barakoa hizi hayainasi kabisa. Haina harufu wala rangi. Toa jiko nje kabla ya kulala, hata kukiwa na baridi ya Julai.

Kikebe kikishafunguliwa, makaa huanza kunywa unyevu na mvuke uliomo hewani, hata ukiwa hukivai. Ukimaliza kazi kitie katika mfuko usiopitisha hewa, mbali na mikebe ya rangi. Ukisikia harufu ya thina ndani ya barakoa, toka mahali hapo kwanza, kisha ukibadilishe. Kukianika juani au kukipuliza kwa pampu hakukirudishii nguvu. Wenye ndevu nao wazinyoe, kwa kuwa gesi hupita kati ya ndevu na mpira bila kuyafikia makaa.