Kwa nini wasimkimbize mgonjwa hospitali?

SWALI: Binti yangu anasomea uhudumu wa ambulensi hapa Kitengela. Anasema hufundishwa kutibu mgonjwa palepale alipoanguka. Si wangemkimbiza tu hospitali? – Mama Kitengela

JIBU: Mama, inategemea kilichompata. Aliyechomwa kisu tumboni anahitaji upasuaji. Huyo hazuiliwi njiani. Lakini ubongo wa mtu aliyeishiwa sukari mwilini hauwezi kungoja kilomita karibu 50 za barabara ya Namanga hadi Kajiado. Utamkuta stejini, shati limelowa jasho, maneno hayaeleweki, na watu wanasema amelewa. Hapo ndipo ninapokuwa mkali kwa wanafunzi: usikubali neno hilo kabla hujamdunga kidole na kupima. Kipimo kikiwa chini ya milimoli 4 kwa lita, na anaweza kumeza, apewe kitu chenye sukari. Akiwa amezimia, asinyweshwe chochote, hata soda, kwani kinaweza kuingia mapafuni. Atatiwa glukosi mshipani, na mara nyingi hufumbua macho baada ya dakika chache. Bado atapelekwa hospitali, maana sukari inaweza kushuka tena.

Nawe ukimkuta mtu amezimia hivyo na anapumua, mlaze ubavu, kisha upige 1199, nambari ya Msalaba Mwekundu.